Mabuti Mapya ya Ngozi na Namna ya Kuyazoeza

Kijana aliyepata kazi ya uaskari, au ya ulinzi wa misitu, au ya kuwaongoza wageni katika Mlima Kenya, mara nyingi hupata pamoja na kazi hiyo jozi ya mabuti mapya ya ngozi. Huyapokea kwa furaha. Mabuti yang'aa, harufu yake ni nzuri, na yakikanyaga sakafu hutoa mlio wa heshima. Asubuhi ya pili huyavaa, huyafunga kamba barabara, na kwenda mwendo wa maili kumi. Jioni hawezi kusimama. Visigino vimetoka malengelenge, vidole vimevimba, na soksi imegandamana na damu. Siku ya tatu huonekana akichechemea njiani, mabuti ameyashika mkononi, na wenzake wanamcheka.

Jambo hili si la kuchekwa. Lengelenge lililopasuka ni jeraha, na jeraha lolote ni mlango wa vijidudu. Mwisho wa mwezi wa Juni, mwaka 1924, Calvin Coolidge mdogo, mwana wa Rais wa Marekani wa wakati ule, alicheza tenisi katika kiwanja cha Ikulu ya Washington huku amevaa viatu bila soksi. Alikuwa na umri wa miaka 16. Kidole kimoja cha mguu wake wa kulia kikatoka lengelenge, na hapo kwanza halikuonekana kuwa jambo kubwa. Vijidudu vikaingia, damu ikapata sumu, na tarehe 7 Julai kijana yule akafa, ijapokuwa baba yake aliweza kumwitia madaktari hodari wa nchi nzima. Siku zile dawa ya penisilini ilikuwa haijagunduliwa. Iligunduliwa mwaka 1928, na ikaanza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1941. Siku hizi dawa zipo, lakini aliye mbali na zahanati, kama mlinzi wa msitu au mchunga ng'ombe, hana budi kujua namna ya kujikinga mapema.

Kwa nini ngozi mpya ni ngumu

Ngozi ya ng'ombe imefanyizwa kwa nyuzi nyembamba sana ziitwazo kolajeni. Nyuzi hizo zimepitana huku na huku, juu na chini, kama mkeka uliosukwa na mtu asiyefuata mstari wowote. Ngozi ikiachwa mbichi huoza, na ikianikwa juani bila dawa huwa ngumu kama ubao. Kwa hivyo tangu zamani watu wamejifunza kuidabighi, yaani kuitia dawa ishikayo nyuzi zake hata zisioze wala zisigandamane.

Dawa ya zamani hutoka katika magome ya miti, nayo huitwa tanini. Wazee wa nyanda za juu za Kenya waikumbuka vema biashara ya magome ya miwati, mti ulioletwa kutoka Australia. Katika karne ya 20 magome yake yalibanduliwa, yakakaushwa, yakauzwa kwa wingi kwa ajili ya kazi hii ya ngozi. Ngozi iliyodabighiwa kwa magome huwa nene na imara, nayo yafaa sana kwa soli na kwa kipande cha ndani kinachokanyagwa na wayo. Dawa ya pili ni chumvi za madini ya kromu. Mwaka 1884 Augustus Schultz wa New York alipata hati ya serikali kwa njia yake ya kutumia kromu. Njia hiyo na zile zilizoifuata zilipunguza kazi ya majuma mengi zikaifanya kazi ya siku chache. Ngozi ya kromu ni laini kuliko ya magome, na sehemu za juu za viatu vingi vya leo zimefanyizwa kwa ngozi hiyo.

Ngozi ikiisha kudabighiwa, fundi huikata, huishona, kisha huivuta kwa nguvu juu ya kalibu, yaani mfano wa mguu uliochongwa kwa mti au uliofanyizwa kwa plastiki. Hapo ngozi hukaa mpaka imelishika umbo lile. Basi mabuti yanapotoka kiwandani yanalikumbuka umbo la kalibu. Nayo kalibu si mguu wa mtu yeyote. Mguu wa binadamu una mifupa 26, nao hukunjika na kujinyosha katika kila hatua. Kalibu haikunjiki hata kidogo. Kuyazoeza mabuti ni kuzifanya nyuzi za ngozi ziliache umbo la kalibu na kujifunza umbo la mvaaji. Nyuzi hizo hazikatiki, bali husogea kidogo kidogo zikiteleza moja juu ya mwenziwe. Ndiyo sababu kazi hii haiwezi kumalizwa kwa siku moja.

Mahali penye ugumu hasa ni patatu. Pa kwanza ni juu ya mizizi ya vidole, ambapo buti lazima lijikunje kila hatua. Pa pili ni kwenye kifundo, ambapo ukingo wa juu wa buti hukwaruza. Pa tatu ni kisigino, ambapo fundi ametia ndani kipande kigumu ili buti lisilale upande. Kipande hicho hakilegei upesi, na kwa hivyo malengelenge mengi huanzia hapo.

Mguu mtupu na mguu wa buti

Mtu aliyekua bila viatu huwa na mguu mpana upande wa mbele, na vidole vyake vimetengana. Huo ndio umbo la asili la mguu, wala si kasoro. Lakini viatu vingi vimefanyizwa kwa kalibu nyembamba, na mtu wa namna hiyo akichagua buti kwa kuangalia urefu tu, hubanwa pande zote mbili.

Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 askari wengi wa King's African Rifles walikwenda vitani miguu mitupu, na vivyo hivyo wapagazi wa jeshi, ambao ukumbusho wao umebaki katika majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wengi waliweza kwenda mwendo mrefu kuliko watu wenye mabuti, kwa maana nyayo zao zilikuwa na sugu tangu utoto. Walakini funza waliwatesa mno. Mdudu huyo si mwenyeji wa Afrika. Aliletwa na meli kutoka Brazil hata Angola mwaka 1872, akaenea bara zima, na karne ile haikwisha kabla hajafika pwani ya mashariki. Askari mwenye funza vidoleni hawezi kutembea, na wako waliokatwa vidole. Basi kiatu kina faida yake na mguu mtupu una nguvu yake, na taabu huja pale mtu anapotoka katika hali moja na kuingia nyingine kwa ghafula. Mguu wa mvaaji nao wahitaji kuzoezwa kama ngozi ya buti.

Kazi huanza dukani

Hakuna dawa iwezayo kuliponya buti lisilotosha. Ngozi hupanuka kwa upana, lakini hairefuki, kwa sababu soli huizuia. Buti fupi litabaki fupi mpaka litupwe. Kwa hivyo mnunuzi na ayaangalie haya.

Aende dukani alasiri, maana mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyoendelea, na buti linalotosha asubuhi huenda likabana saa kumi ya jioni. Achukue soksi zile zile atakazozivaa kazini. Avae mabuti yote mawili, kwa kuwa watu wengi wana mguu mmoja uliozidi mwenziwe, naye achague namba ya ule mkubwa. Katika hesabu ya Kiingereza, namba moja huizidi ile iliyo chini yake kwa theluthi ya inchi, yaani milimita 8 na nusu hivi. Tofauti hiyo yaonekana ndogo dukani, lakini njiani ni kubwa. Kisha asimame wima, wala asikae kitini, kwa maana mguu ukibeba uzito wa mwili hutandaa.

Mbele ya kidole kirefu pawe na nafasi ya upana wa kidole gumba. Nafasi hiyo ina kazi yake. Ashukaye mlima, mathalan atokaye kilele cha Lenana chenye kimo cha meta 4,985, mguu wake husukumwa mbele kwa kila hatua, na vidole vikigonga ngozi kwa saa nyingi, kucha huwa nyeusi na hatimaye hubanduka. Kama dukani pana ngazi, mnunuzi na aishuke mara kadhaa. Vidole vikigusa mbele, buti hilo si lake. Kisigino kikiinuka kidogo si neno, maana hutulia soli ikianza kukunjika; kikiinuka sana, hakitatulia kamwe.

Muuzaji aweza kusema ya kuwa buti linatosha, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayejua ni mvaaji peke yake.

Siku za kwanza

Kabla ya kuyavaa, mtu na ayashike mabuti mkononi na kuyakunja taratibu mahali vidole vinapokunjika, mara ishirini au thelathini. Apitishe vidole ndani ili aone kama pana msumari uliotokeza au mshono wenye fundo. Kisha apake mafuta ya ngozi au nta kwa kitambaa, kidogo tu, hasa penye mikunjo na kwenye ulimi. Mafuta hupenya kati ya nyuzi na kuzitelezesha. Yakizidi, ngozi hulegea mno na buti hupoteza nguvu ya kukishika kifundo.

Siku ya kwanza yatosha kuyavaa nyumbani kwa nusu saa, huku mtu akifanya kazi zake za kawaida, akipanda na kushuka kizingiti, akichutama na kusimama. Kwa kuwa bado ni safi na hayajatoka nje, huenda muuzaji akakubali kuyabadilisha iwapo yana kasoro. Siku ya pili na ya tatu avae kwa muda wa saa moja. Baadaye aende nayo mpaka dukani au kisimani na kurudi. Yakiwa hayaumizi, aende maili mbili, kisha nne, na mwishowe abebe mzigo ule atakaoubeba kazini, kwa sababu mzigo huutandaza mguu zaidi. Mabuti ya ngozi nyepesi huzoea kwa juma moja hivi. Mabuti mazito yenye soli nene huenda yakataka majuma matatu au zaidi. Mwenye safari ya mlima ama mwenye kuanza mafunzo na ahesabu siku hizo nyuma, asinunue mabuti usiku wa kuamkia safari.

Kamba zina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Zifungwe kwa kulegea kidogo juu ya vidole, na kwa kukaza penye kifundo, ili kisigino kikae mahali pake. Soksi mbili zafaa kuliko moja: ya ndani iwe nyembamba na laini, ya nje iwe nene. Hivyo msuguano hupita kati ya soksi na soksi, badala ya kupita kati ya soksi na mwili. Soksi zote ziwe kavu, zisizo na viraka vyenye mafundo wala mikunjo.

Shauri la maji

Iko njia ya haraka ambayo askari wa zamani waliitumia. Edward Munson, daktari wa jeshi la Marekani, alitoa kitabu mwaka 1912 juu ya mguu wa askari na kiatu chake. Alikuwa ameona ya kwamba askari wengi waliumia kwa sababu ya viatu vilivyochaguliwa vibaya. Ikaamriwa kwamba askari apimwe huku amebeba mzigo wa ratili 40 na kuuelemeza uzito wote juu ya mguu mmoja. Viatu vikiisha kuchaguliwa, askari alivivaa, akasimama ndani ya maji yenye kina cha inchi 2 na nusu kwa muda wa dakika 5 hivi mpaka ngozi ikalainika, kisha akatembea katika uwanja tambarare kwa saa nzima, viatu vikakaukia mguuni. Baada ya hapo ngozi ilipakwa mafuta.

Maana ya kazi hiyo si ngumu. Maji huzilegeza nyuzi, mguu huzipanga upya, na zikikauka hubaki zilivyopangwa. Samaki mkunje angali mbichi. Walakini njia hiyo ilifaa viatu vya siku zile, vilivyoshonwa kwa uzi na kupigwa misumari. Mabuti mengi ya leo yamebandikwa soli kwa gundi, na ndani yana sponji na vitambaa. Yakilowekwa huenda yakaharibika. Aliye na mabuti ya namna hiyo na atosheke kwa kupangusa ngozi ya nje kwa kitambaa chenye unyevu mahali panapobana, ayavae na kutembea mpaka yakauke, kisha ayapake mafuta.

Iko pia hadithi ya kambini ya kwamba mkojo hulainisha buti kuliko kitu chochote. Mkojo karibu wote ni maji, na kazi inayoonekana ni kazi ya maji hayo. Kinachoongezwa na mkojo ni harufu.

Mambo ya kuepukwa

Kosa kubwa ni kuyakausha mabuti karibu na moto, au juu ya jiko, au juani juu ya bati. Ngozi mbichi ya ng'ombe ikilowa huanza kunywea katika joto la digrii 60 hivi za Selsiasi. Ngozi ya magome hunywea kati ya digrii 70 na 85. Ni ngozi ya kromu tu iwezayo kustahimili zaidi, nayo pia hukauka mafuta yake na kupasuka, na gundi ya soli huachia. Mabuti yaliyolowa yajazwe karatasi kavu na kuwekwa kivulini penye upepo. Karatasi zibadilishwe zikilowa.

Si vema kumimina mafuta ya taa wala ya gari. Wala si vema kukiponda kisigino kwa nyundo, maana kile kipande kigumu kikivunjika, ncha zake hugeuka kuwa visu. Buti likibana mahali pamoja tu, apelekewe fundi viatu, ambaye anacho chombo cha kupanua sehemu ile bila kuiharibu iliyobaki.

Lengelenge likitokea

Lengelenge haliji kwa kukwaruzwa juu tu. Mfupa huenda mbele na nyuma, ngozi ya mwili imeshikwa na soksi, na tabaka za ngozi huvutana mpaka zikaachana. Ndipo maji hujaa katikati. Ngozi yenye jasho hushikwa zaidi kuliko ngozi kavu. Lakini kabla lengelenge halijatoka, mahali pale huwa pekundu na pa moto. Hiyo ndiyo dalili ya kusimama. Asiyesimama kwa dakika tano kwa kuona haya mbele ya wenzake, atakaa kitandani kwa siku tano. Na avue buti, akaushe mguu, anyoshe soksi, abandike plasta au utepe mahali pale, kisha aendelee.

Hata utepe wa karatasi wa hospitali, ambao bei yake ni ndogo, una faida. Mwaka 2016 matabibu wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza habari za wakimbiaji 128 waliokuwa katika mbio za siku nyingi zenye urefu wa kilometa 250 hivi. Walibandikwa utepe huo sehemu fulani za miguu, na sehemu nyingine zikaachwa. Penye utepe malengelenge yalipungua kwa asilimia 40.

Lengelenge dogo lisitobolewe. Ngozi yake ni bandeji ya asili. Kubwa lenye kuumiza laweza kutobolewa ukingoni kwa sindano iliyosafishwa, baada ya mguu na mikono kuoshwa kwa sabuni, lakini ngozi ya juu isibanduliwe. Pakitokea usaha, au wekundu unaopanda mguuni kama mstari, au homa, mgonjwa na apelekwe hospitali siku ile ile. Mwenye ugonjwa wa kisukari, au aliyewahi kuugua ukoma na mguu wake hauna hisi, asijaribu kuzoeza mabuti magumu hata kidogo bila shauri la daktari. Mguu wake hautamwambia kama unaumia, naye huenda akajua wakati kidonda kimefika mfupani.

Buti lililozoea

Baada ya majuma machache mvaaji ataona mikunjo juu ya vidole imekuwa myembamba na laini, na kipande cha ndani kimetiwa alama ya wayo wake. Hapo mabuti yamekuwa yake. Yapanguswe matope kila jioni, yapakwe dawa ya viatu, na yapumzishwe siku moja kila yanapolowa. Wala mtu asimwazime ndugu yake mabuti hayo kwa safari ndefu kwa kudhani kuwa amemfanyia hisani. Kwa mwenyewe ni laini, lakini kwa mguu wa mwingine ni mageni kama yalivyokuwa siku ile yalipotoka dukani, nayo yatamtaka aanze upya, nusu saa kwa siku, nyumbani mwake.